Neno Chini ya Picha ya Mong'ina

Machuki Omanga hakuweza kuchora kitu asichokitazama. Watu wa soko la Rodi Kopany wanaomkumbuka humsifu kwamba alikuwa na kipaji cha ajabu, na mimi nikiwasikia hunyamaza, maana niliijua kazi yake tangu mwanzo. Ukimwambia achore ng'ombe, atakuuliza ng'ombe mwenyewe yuko wapi. Ukimlazimisha achore wa kuwaza tu, atakupa kitu chenye miguu minne na aibu nyingi. Lakini mletee ng'ombe wa kweli, mfunge pale kwenye mti, mpe nusu saa, na atakuchorea mpaka kupe walio sikioni.

Mimi naitwa Marcella. Kuanzia mwaka 1991 nilifundisha darasa la pili katika shule moja ya msingi karibu na soko hilo. Sikuwa na cheti cha ualimu. Niliajiriwa na kamati ya wazazi, na kamati hiyo ingeweza kunifukuza siku yoyote kabla ya chai ya saa nne. Nayasema hayo mapema ili usidhani nimekuja kumhukumu mtu.

Machuki alizaliwa Migori mjini, wazazi wake wakiwa Wakisii waliohamia huko kuuza vitunguu na ndizi, Wasabato wa kufunga duka Ijumaa jioni hata kama mteja analia mlangoni. Kipigo chake cha kwanza cha maana alikipata kwa kuchora nyuso za wazee wa kanisa katika kurasa tupu za kitabu cha nyimbo. Ubaya wa picha zile ni kwamba zilifanana na wenyewe. Mzee mmoja alikuwa na kidonda mdomoni, na kidonda kilikuwemo. Machuki alinisimulia kisa hicho akicheka, akinionyesha alama ya mkanda begani, nami nikacheka naye.

Masomo yalimshinda darasa la saba, au karo ndiyo iliyomshinda baba yake, sikumbuki alivyosema. Akawa msaidizi wa fundi wa kuandika vibao. Kazi yake ya kwanza ya peke yake ilikuwa Masara, kwenye mashimo ya dhahabu, kuandika HATARI kwa rangi nyekundu kila penye shimo lililoporomoka. Wachimbaji wengi hawakujua kusoma. Walivitumia vibao vyake kutundikia mashati, kisha wakashuka.

Mwaka 1990 akahamia kwetu Rodi Kopany. Alikuja akiwa na brashi nne, kopo la tapentaini na jina la mama mmoja aliyewahi kuwa jirani wa mama yake Migori. Mama huyo alikuwa Nyakerario. Hakuna aliyemwita Nyakerario. Kwa Kikisii mwanamke mzee huitwa mong'ina, na ni neno la heshima. Basi sisi Wajaluo tuliwasikia Wakisii wenzake wakimwita hivyo, tukadhani ndilo jina lake, na likabaki. Aliuza ndizi mbivu upande wa barabara ya kwenda Rongo. Alikuwa amezika mume na watoto watatu. Jambo hilo watu walilijua na walilihesabu, lakini wakati huo hawakulisema.

Mong'ina alimpa Machuki chumba cha nyuma, akampa na chakula, akamsuta kila Jumamosi aliposinzia kanisani. Machuki aliandika vibao vya vinyozi, vya bucha, vya mashine za posho. Kwenye kibao cha kinyozi alichora kichwa cha kinyozi mwenyewe. Kwenye kibao cha bucha alichora mbuzi aliyekuwa akingoja kuchinjwa, na mbuzi huyo alikuwa na uso wa kujua. Wateja walilalamika, ikabidi amfute.

Mwaka 1992 nilikwenda kibandani kwake kumwomba anichoree chati ya hadithi kwenye karatasi ya manila, kwa ajili ya watoto wangu. Vitabu vya kusoma tulikuwa na vinne, na wanafunzi hamsini na wawili. Nilitaka chati moja tu. Baada ya mwezi mmoja alinipa kitabu kizima, kurasa kumi na sita za manila zilizoshonwa kwa uzi wa magunia, rangi kila mahali. Alikiita Jogoo wa Mong'ina. Hadithi aliitunga mwenyewe, na mpaka leo naiona ni hadithi nzuri.

Jogoo wa Mong'ina amepoteza sauti. Mong'ina anaamka kabla jua halijachomoza, anajifunika shuka kichwani, anaenda nyumba kwa nyumba kuitafuta. Anachungulia chunguni. Anachungulia chini ya kitanda. Ukurasa wa tisa anaweka sikio kwenye mlango wa watu waliolala. Mwishowe anaikuta sauti kwenye koo la mtoto mchanga anayelia, anamwinamia, anamwomba amgawie nusu. Mtoto anakubali, jogoo anawika, kijiji kinaamka. Watoto wangu walikuwa wakishindwa kukaa vitini nikifika hapo.

Mong'ina wa kitabuni alikuwa Mong'ina wa sokoni, nukta kwa nukta, mpaka kovu lake la kwenye nyusi. Mwezi ule mzima alikuwa akikaa kwenye kigoda nyuma ya kibanda kila alasiri, akiinama, akichungulia, akijifunika shuka, huku Machuki akichora. Malipo yake yalikuwa chai yenye sukari nyingi na umbea. Nilimwona kwa macho yangu. Nusu ya soko walimwona, na walikuwa wakisimama kumtania kwamba sasa ameolewa na brashi.

Kitabu kile kilipita mikono ya watoto miaka miwili mpaka kona zake zikawa mviringo. Watoto wakimkuta Mong'ina barabarani walimuuliza kama ameipata sauti. Naye alijibu bado, hebu nione kooni mwako. Walipanua vinywa hadi meno ya nyuma yakaonekana, akachungulia kwa makini, akatikisa kichwa, akawapa kipande cha ndizi. Nilifurahi kuyaona hayo. Sijawahi kuwa mwalimu mzuri kama nilivyokuwa miaka ile miwili.

Mwaka 1994 kampuni moja ya vitabu ya Nairobi ilitangaza kwamba inatafuta vitabu vya picha kwa madarasa ya chini. Machuki akachora upya kurasa zote, Mong'ina akarudi kwenye kigoda, kitabu kikapelekwa. Barua ikarudi baada ya miezi mitano. Wamekipenda. Watakichapa. Ila wana sharti moja: "mong'ina" si neno la Kiswahili, watoto wa Kenya nzima hawatalielewa, mwandishi atafute neno sanifu.

Alikuja nayo kwangu barua hiyo akiwa ameibana kwapani. Tukaanza kutafuta neno. Bibi? Nikamwambia hapa kwetu bibi ni mke wa mtu, watoto watauliza mume yuko wapi. Nyanya? Nikacheka, nikamwambia darasa langu litachora nyanya za kupika. Kikongwe? Hilo alilikataa yeye, akasema Mong'ina akisikia ataona ametukanwa. Nilikuwa na madaftari ya kusahihisha na nilichoka mapema. Nikamwambia kwa mzaha kwamba Mkisii na Mjaluo wakikaa kutafuta Kiswahili sanifu, kuku watacheka. Akakunja barua yake. Niliona amekasirika, na sikumfuata.

Baadaye nilijua kwamba alikwenda hadi Homa Bay, akaazima kamusi kwa katekista mmoja, akaisoma siku nzima akianzia herufi A. Hakuhitaji kwenda mbali. Alikuta neno ajuza. Mwanamke mzee sana, kamusi ilisema. Lilimpendeza masikioni. Hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kulitumia, kwa hiyo hakuna aliyewahi kutukanwa nalo. Akalitia mahali pote palipokuwa na mong'ina, akapeleka Nairobi, na mimi hakuniambia chochote kwa sababu nilimcheka. Aliyemwambia ni Mong'ina. Alimwambia sasa anaitwa kwa neno kubwa la Kiswahili cha pwani, na mama wa watu akatembea nalo wiki nzima akiwaambia wauza ndizi wenzake, ingawa alilitamka kila siku kivingine.

Katoni ya vitabu iliwasili shuleni mwezi wa tano, 1995. Nakala thelathini, zenye harufu ya wino. Machuki hakuwepo, alikuwa Masara kwa kazi ya mwezi mmoja, akiandika vibao vile vile vya hatari. Ningeweza kumngoja. Lakini watoto walikuwa wameshaona picha kwenye jalada, wakapiga kelele, nikagawa vitabu Jumatatu ile ile. Nikasoma mstari wa kwanza: hapo kale paliishi ajuza mmoja.

Msichana wa mbele akainua mkono. Aliitwa Liz, mtoto wa mwisho wa Benard, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, yule aliyeniajiri. Alikuwa mtoto wa maswali. Akaniuliza ajuza ni nini.

Sikujua. Hilo ndilo jambo lenyewe, na ningelisema siku ile, kila kitu kingeishia hapo. Nilikuwa na watoto hamsini na wawili mbele yangu, na mtoto wa mwenyekiti ananitazama, na kesho baba yake atamuuliza mwalimu amefundisha nini. Kwa Kijaluo tuna neno ajuoga. Ajuoga ni mganga, yule wa kupiga ramli na kufukua dawa zilizozikwa uani. Na karibu yake kuna jajuok, ambaye ni mchawi mwenyewe, anayezunguka milango ya watu waliolala. Nikaona ajuza na ajuoga ni ndugu. Nikasema kwa sauti ya mtu anayejua kwamba ajuza ni kile Kijaluo tunaita ajuoga.

 Mtoto mmoja akafungua ukurasa wa tisa, shuka kichwani, sikio mlangoni, akasema kwamba huyo si ajuoga, ni jajuok. Nikawaambia wasome. Tukasoma mpaka mwisho, mpaka pale ajuza anapomwinamia mtoto mchanga kutafuta sauti kooni. Hakuna aliyeshindwa kukaa kitini.

Baada ya wiki moja watoto walikuwa wakivuka barabara wakimwona Mong'ina. Baada ya wiki mbili walikuwa wakirusha mawe madogo kwenye paa lake na kukimbia. Alikuja shuleni mwenyewe na sinia lake la ndizi kuniuliza amewakosea nini. Nikamwambia ni mchezo tu wa watoto, utapita. Nilinunua ndizi mbili. Niliona aibu hata kuzila, nikampa mlinzi.

Machuki aliporudi kutoka Masara alikuwa na furaha ya bwana harusi. Alitembea na kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, akamwonyesha kila aliyesimama, na wengine walikiangalia na kumrudishia haraka. Mong'ina alimlalamikia kuhusu watoto. Naye akamjibu nilivyomjibu mimi. Kwa hiyo mama yule alikuwa na watu wawili waliosoma, na wote wawili walimwambia utapita.

Mwezi wa tisa Liz aliugua malaria, ikampanda kichwani. Siku mbili alisema maneno ya homa: kwamba ajuza yuko mlangoni, ajuza anataka koo lake. Siku ya tatu sauti yake ikakauka kabisa. Siku ya nne akafa. Alikuwa na miaka minane.

Tulimzika Jumamosi. Jumatatu jina la Mong'ina likaanza kusemwa waziwazi, pamoja na hesabu ya mume na watoto watatu, na pamoja na mambo niliyoyaona kwa macho yangu nikayafurahia: kwamba alikuwa akiwaambia watoto wapanue vinywa na kuchungulia ndani, kisha akiwapa kitu cha kula. Jumanne naibu chifu akatangaza baraza la Alhamisi. Jumatano, watoto wakiwa wameenda nyumbani, nilimwomba mwalimu mkuu, Cephas, anifungulie kabati alimofungia chaki na kamusi ya shule. Nikasoma neno lile nikiwa nimesimama. Nikalisoma mara tatu. Cephas akaniuliza kama nimepata nilichokuwa nikitafuta, nikamwambia hapana.

Baraza lilifanyika kwenye uwanja wa soko, saa nne asubuhi. Mong'ina aliketishwa chini, peke yake, amevaa nguo yake ya kanisani. Benard alikuwa na kitabu mkononi, kile cha Liz, kimefunguliwa ukurasa wa tisa. Alikipitisha karibu na uso wa Mong'ina ili watu wafananishe. Haikuhitaji kufananishwa, hata kovu la nyusi lilikuwepo. Naibu chifu alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe kabla jua halijawa kali. Akamwita Machuki.

"Fundi," akamuuliza, "huyu mama kwa hii kitabu ni nani?"

Machuki alikuwa ametia sahihi makubaliano na kampuni yaliyosema kwamba watu wote wa kitabuni ni wa kubuni. Hilo lilikuwa kichwani mwake, aliniambia baadaye. Pia alikuwa Mkisii katikati ya Wajaluo wenye hasira, aliyelala miaka mitano nyumba moja na anayeshtakiwa. Na pia, hili nalo namwamini, alifikiri kwamba akimtenganisha Mong'ina na picha ile, atakuwa amemwokoa. 

"Si mtu," akasema. "Nilitoa kwa kichwa tu."

Benard akamsogelea. "Hukumwangalia?"

"Sikumwangalia."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Sasa nani aliweka sura yake ndani ya kichwa yako?"

Uwanja mzima ukaguna. Mong'ina aliinua uso na kumtazama Machuki, na ule mtazamo sitaueleza, sina maneno yake. Waliojua kwamba fundi anadanganya walikuwa wengi kuliko wasiojua. Walikuwepo waliosimama nyuma ya kibanda wakimtania mama kwenye kigoda. Mimi nilikuwepo. Lakini uongo ule ulikuwa unatufaa. Mtu aliyechora uso wa mwenzake bila kuuangalia, mpaka kovu, basi aliingiliwa akiwa usingizini. Na anayeingia usingizini mwa watu tunamjua.

Machuki akaona alichokifanya. Akapaza sauti, akisema neno ajuza halina ubaya, ni mama mzee tu, kamusi imesema, muulizeni yeyote aliyesoma Kiswahili. Hapo naibu chifu akageuka akaniona.

"Mwalimu, ni ukweli hiyo?"

Watu wakageuka pamoja naye. Benard aligeuka pia, akiwa na kitabu cha mtoto wake, macho mekundu kwa kilio cha wiki nzima. Huyu ndiye aliyeniajiri. Huyu ndiye ambaye mtoto wake aliniuliza neno na nikamjibu. Nikisema ni kweli, basi mimi ndiye niliyemweka mchawi kwenye homa ya Liz. Neno lilikuwa mdomoni mwangu, tangu jana, limesomwa mara tatu.

"Kiswahili iko na maneno mingi," nikasema. "Mimi nilifunza vile nilijua."

Naibu chifu akaandika kitu kwenye daftari lake. Akasema serikali haiamini uchawi, lakini kwa ajili ya amani mama huyu ahame ndani ya siku saba. Ilikuwa hukumu ya upole, kwa maoni yake. Akapanda pikipiki yake akaondoka.

Siku saba hazikungojwa, hata jioni haikufika. Saa tisa mchana vijana walikwenda na mafuta ya taa. Mong'ina alikuwa ndani akifunga mizigo yake. Walimtaka atoke, akatoka, wakawasha paa, naye akarudi ndani kuchukua Biblia na kitabu cha ushirika wa kanisa, maana bila kitabu kile kanisa la kule atakakohamia lisingemjua. Alivitoa. Mikono na kifua vikaungua. Machuki alikuwa kibandani kwake hatua mia mbili kutoka pale, akiosha brashi. Alikuwa akiosha brashi zilizokwisha kuoshwa. Mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa akipita, mtu wa Ntimaru asiyemjua yeyote kati yetu, ndiye aliyempakia kwenye pikapu yake akampeleka hospitali Homa Bay, akitutukana kwa Kikuria mpaka gari likapotea.

Alikaa hospitalini siku kumi na moja, kisha akafa. Ndugu zake wa Kisii walituma ujumbe kwamba hawatampokea, maana habari ilikuwa imeshafika. Walimzika Wasabato wa Homa Bay, watu ambao hakuwahi kuwaona.

Machuki alihama mwezi ule ule. Kitabu chake kilipendwa sana kwingine. Sehemu nyingine za nchi neno lile ni neno la kawaida, watoto wa huko walimpenda ajuza mwenye shuka, na kampuni ikachapa tena na tena. Wakamwomba kitabu cha pili, cha tatu. Vyote ni vya wanyama. Ukivitazama utaona sungura na fisi wamechorwa vizuri, wana mviringo na tabasamu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuwepo. Amejifunza kutoa kichwani. Nilikutana naye mara moja tu, Migori, mwaka 1998, akiwa amenenepa, na yeye ndiye aliyenieleza kwa kirefu alichofanya siku ya sita baada ya moto.

Alikwenda Homa Bay. Akapiga magoti kando ya kitanda cha Mong'ina, akamwambia yote: kwamba alimwangalia mwezi mzima na mwezi mwingine tena, kwamba anaujua uso wake kuliko uso wa mama yake mzazi, kwamba alimkana kwa woga na kwamba ni woga tu, hapana sababu nyingine. Hakujipunguzia kitu. Mong'ina alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akageuza uso ukutani na kumwomba muuguzi asimruhusu mtu huyo aingie tena. Machuki alikaa nje ya wodi hadi giza likaingia, akitumaini ataitwa. Hakuitwa.

Watu wa Rodi wanajua hilo, kwamba Mong'ina alimkataa akiwa anakufa, na wanalitumia kumlaani. Wanasema alistahili. Nami nikiwa kati yao wananiambia, wewe mwalimu angalau ulikwenda ukapokelewa.

Nilikwenda siku ya tisa. Nilikuwa nimebeba soda na mkate. Mikono yake ilikuwa imefungwa bendeji hadi kwenye viwiko, na nyusi zile, pamoja na kovu, zilikuwa zimeungua. Nilikuwa nimekuja kumwambia yote, kwa kweli nilikuwa nimekuja kumwambia. Nilikaa nikamwambia kwamba neno lile halikuwa baya. Ajuza ni mwanamke mzee, Mong'ina, basi. Ni kama kusema mong'ina.

Alitazama mikono yake yenye bendeji.

"Kwa hivyo alikuwa ameniita vizuri," akasema.

"Ndiyo, Mong'ina."

"Na wewe umejua lini, mwalimu?"

Nilikuwa na nafasi. Hapakuwa na Benard, wala naibu chifu, wala mtoto wa kuinua mkono. Palikuwa na mwanamke aliyebakiza siku mbili, ambaye, kama muuguzi alivyoninong'oneza mlangoni, alikuwa amekwisha kumfukuza mmoja kwa kumwambia ukweli.

"Leo asubuhi," nikasema. "Nimefungua kamusi leo asubuhi, nikakuja."

Machozi yakamtoka. Akainua mkono mmoja wenye bendeji, kwa shida, akauweka juu ya kichwa changu. Akaniombea kwa Kikisii, sala ndefu, na baadaye akaimalizia kwa Kiswahili ili niielewe: kwamba Mungu ambariki mwalimu huyu, ambaye alipojua tu ukweli hakungoja hata siku moja. Nikasema amina.